Jasho la Namba Kumi na Nne

Waandishi wamekuja na vinasa sauti vyao,
wamewahoji makocha, wamemhoji mama yake,
hata kinyozi wa barabara ya Savanorių ameulizwa.
Mimi hawakuniuliza.
Mimi ni Stasė, mwenye kitambaa,
niliyefuta sakafu ya uwanja wa Kaunas miaka ishirini na mitatu,
kwa magoti, kati ya filimbi na filimbi.
Kama yupo aliyelijua jasho la Eimutis Daugirda
ni mimi. Nililikusanya.

Alitoka Rokiškis, mji wa jibini.
Baba yake alilivua pipa la kabichi ukanda wake wa chuma,
akaupigilia misumari ukutani mwa zizi,
ng'ombe wakazoea kelele.
Mpira haudundi kwenye theluji,
ndiyo maana mtoto yule hakujifunza kudundisha:
alijifunza kupokea, kuinua, kuachia.
Watu walisema ni kipaji.
Yeye aliniambia ni Januari tu.

Alifika kwetu ana miaka kumi na saba,
mrefu kama deni la urithi,
kitanda cha bweni kikaongezewa kigoda mguuni.
Mchezo wa kwanza alikosa mitupo sita ya adhabu, mfululizo.
Jukwaa likapiga mbinja.
Nikamwona anainama, anafuta soli kwa kiganja,
anaiambia sakafu neno.
Mtupo wa saba uliingia bila kugusa chuma.
Tangu siku ile, kila mtupo:
kiganja, soli, neno.

Halafu ikaja ile miaka.
Siihesabu; vikombe vimo kabatini na vina tarehe.
Mimi nakumbuka fainali dhidi ya Wagiriki,
kiwiko cha mtu, na jino
nililolikuta ndani ya kitambaa changu.
Nikampelekea nimelifunga kwenye karatasi ya peremende.
Akacheka, damu mdomoni:
"Stasė, hilo lihesabiwe pointi mbili."

Wamarekani wakamnunua.
Milwaukee: baridi ni kama yetu, aliandika,
ila mkate wao ni sifongo.
Misimu minne tuliamka saa tisa za usiku,
madirisha ya mtaa mzima yanawaka
kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye benchi, taulo begani.
Dakika nne. Dakika sita.
Usiku mmoja, pointi thelathini na moja,
na fundi bomba wa jengo letu akalia kwenye ngazi, amevaa pajama.
Kisha goti.
Goti halipigi hodi.

Akarudi na kovu refu kama zipu.
Magazeti yakasema chuma kimeshika kutu.
Akacheza misimu mitano mingine,
akikimbia kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa
na ameapa hatamwaga.
Kitambaa kilijua mapema kuliko daktari:
matone yalianza robo ya kwanza,
mengi upande wa kushoto.

Jana wameipandisha jezi yake darini.
Waziri alihutubu, akakosea jina la Rokiškis.
Nikangoja watoke wote, nikaanza kazi.
Akarudi peke yake, suti mwilini,
viatu mkononi.
"Nirudishie mpira," akasema.
Basi mimi, wa miaka sitini na minne, nikasimama chini ya kikapu,
nikamrudishia.
Kiganja, soksi, neno.
Arobaini na mmoja kati ya hamsini.

Nikamuuliza: miaka yote hii unaiambia nini sakafu yangu?
Akaona haya, jitu zima.
"Margė," akasema.
"Ng'ombe wetu. Alikuwa akigeuza kichwa
kila nilipokosa."

Akaondoka, viatu bado mkononi.
Pale kwenye mstari zilibaki nyayo mbili mbichi.
Nikazima taa kwanza.