Ukoko

Raiyya kalipia viti vitatu, mwenyewe hakuja.
"Nimenasa kwenye foleni ya Azaiba," kaandika,
na dada yangu Shinuna akasoma kwenye simu yake
maneno yale yale niliyoyasoma kwenye yangu.
Tukajua tumetegwa.

Shati al-Kurum, ghorofa ya tatu.
Nje, joto la Oktoba bado lachoma vitasa vya milango;
ndani, mhudumu katuinamia. "Aki," kasema,
akatuonyesha jani jekundu juu ya sahani nyeusi:
msimu wa majani kupukutika, huko kwao.
Shinuna akasikia "haki."
"Hata hapa?" akauliza. "Si tumekubaliana mahakamani Jumapili?"

Sahani ya kwanza: kipande cha boga
ukubwa wa kifungo cha kanzu, na ufuta uliosagwa.
Mama angecheka mpaka ashike ubavu.
Mama, mwenye upawa usiojua nusu,
ambaye kwake mgeni asiyebakisha ni mgeni asiyeshiba.
"Hiki ni chakula," angeuliza, "au sampuli?"
Nilitaka kulisema hilo kwa sauti.
Lakini miaka miwili na miezi minne
sijamwambia dada yangu neno lisilopitia kwa wakili.

Kikaja kibakuli chenye kifuniko.
Mvuke umekikamata, hakitoki.
Nikavuta. Shinuna naye akavuta.
Mhudumu akasema, kwa Kiarabu cha kujifunza ukubwani:
usivute, minya kibakuli mbavuni, kitaachia chenyewe.
Kikaachia. Fyuu.
Mchuzi mwangavu kama hauna kitu,
ganda la ndimu, mnofu wa changu,
na harufu, naapa, ya mvua ya kwanza juu ya vumbi la Mabela,
mwaka ule wadi iliposhuka, Mama akatupandisha darini na mkeka.
Shinuna kafumba macho.
Sikumuuliza yeye kanusa nini.

Halafu nguru, kafunguliwa juzi na serikali
baada ya miezi miwili ya kukatazwa kuvuliwa,
kaletwa mwembamba, sahani yaonekana kupitia kwake.
"Mbichi?"
"Mbichi."
Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Yaliyofuata siwezi kuyapanga:
biringani iliyobabuliwa ikavuliwa ngozi,
yai lililotulia kama mtindi,
jani moja nililolila, kisha nikaambiwa lilikuwa pambo.
Na kati ya sahani na sahani, kungoja.
Hapa huwezi kubugia ukaondoka.
Wanakuweka saa mbili
mbele ya mikono ya nduguyo.
Na kidoleni mwake, pete ya Mama,
imemlegea, kaizungushia uzi isianguke.
Mimi nilidhani kaiuza.
Niliandika hivyo, kwenye karatasi ya mahakama, nikatia sahihi.

Mwisho wa mapambo yote, wali.
Mweupe, ndani ya chungu cha udongo,
na achari ya figili, na supu ya soya.
Mpishi akatoka mwenyewe, mzee Kuwabara,
na mwiko wa mti, akakwangua chini:
kwaru, kwaru.
Mabega ya Shinuna yakapanda.
"Okoge," akasema mpishi.
"Ukoko," tukasema sisi,
kwa pamoja, kama watoto wa chuoni.

Akaugawa mapande mawili, moja kubwa.
Sijui alikosea vipi
mtu aliyekata figili kama kwa rula.
Lile kubwa likabaki katikati ya meza.
Zamani mimi nilikuwa wa kukimbia nalo uani,
yeye wa kunifinya,
Mama wa kugonga sufuria: nusu kwa nusu, au nawapa kuku.

Shinuna akalisukuma upande wangu kwa ncha ya kijiti.
Nikalirudisha.
Akalisukuma tena.
Chai ikapoa.

"Jumapili," akasema, akitazama dirishani,
"utakwenda na gari yako, au nikupitie?"

Nikauma ukoko. Ukalia mdomoni
kwa sauti iliyozidi adabu ya mahali pale.