Barafu ya Katuba

Miaka saba haikugandisha hata bilauri moja ya maji,
lakini jina lake limo kwenye daftari la serikali,
herufi kubwa, wino mweusi:
BARAFU YA KATUBA.
Meneja: Chola Kabwita, ndiye mimi.
Mshirika: Musonda, mwana wa shangazi,
yule aliyekwenda Kasumbalesa kuleta mashine
akarudi na suruali mbili na maelezo marefu.

Barua ililetwa na kijana wa pikipiki.
Niliisoma nimesimama, pini bado mdomoni,
sare za shule zimenining'inia mabegani.
Kodi ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa pili.
Faini ya kuchelewa.
Faini ya kuichelewesha faini.
Chini kabisa jumla, imepigwa mistari miwili,
kama mwalimu aliyekwisha kumkatia tamaa mtoto.

Gishe ya tatu. Feni haizunguki.
Karani ana sauti ya upole, na upole huo ndio unaonitisha.
"Mama, mliuza kiasi gani?"
Hatukuuza.
"Mlinunua nini?"
Muhuri. Tuliuchongesha kwa fundi wa karibu na posta,
akakosea, akachonga BARUFA.
Tulicheka siku ile. Tulisema,
wa pili tutauchonga kwa faida.

"Basi mngetangaza sifuri."
Sifuri?
"Sifuri pia hutangazwa, mama. Kila mwaka.
Serikali haijui kwamba huna
mpaka uiambie kwamba huna."

Nataka kuifunga, nikasema.
"Haifungwi ikiwa inadaiwa."
Italipaje, na haijawahi kuwa na mfuko?
"Wewe unao," akasema,
akautazama mkoba wangu, kisha akaona haya, akatazama kalamu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.
Hawakumjua Musonda.
Hawakusema lolote juu ya deni la kitu
kilichopata jina, anwani, namba na muhuri,
kikakosa tu kuwapo.

Mwaka uleule nilizika mtoto aliyeishi saa mbili.
Kwa huyo hakuja mtu na daftari.

Tukapatana: mafungu matatu,
la kwanza kabla ya Krismasi,
faini nusu itaombewa msamaha kwa bosi wa ghorofani,
ambaye leo hayupo, na jana hakuwapo.
Akanipa karatasi saba, moja kwa kila mwaka.
Nikaandika sifuri.
Ya kwanza kwa aibu, imepinda kama yai.
Ya nne kwa hasira, kalamu ikatoboa.
Ya saba ikatoka nzuri,
duara safi, tundu la kifungo
lililoshonwa na mtu anayejua kazi yake.

"Muhuri wa kampuni?"
Ulikuwa ndani ya kopo la vifungo.
Wino umekauka siku nyingi. Nikautemea mate,
nikausugua kwa kidole, nikaugandamiza
juu ya barua ya kuiua kampuni:
BARUFA, ukasema, zambarau hafifu,
kazi yake ya kwanza, kazi yake ya mwisho.
Karani akasoma. Akanitazama.
Akagonga wake juu ya wangu, kwa nguvu,
kama anayefunika sufuria.

Nje, jua la mwezi wa kumi,
vumbi jekundu mpaka kwenye kope.
Kando ya geti mvulana na ndoo ya plastiki,
ndani yake vifuko vya maji, vimeganda kama mawe.
Nikanunua kimoja, nikakiweka shingoni kabla ya kunywa.
Unagandishia wapi?
"Kwa mama mdogo. Usiku, umeme ukija."
Unauza vingapi?
"Mia. Jumamosi, mia mbili."
Akatazama geti, akatazama karatasi mkononi mwangu,
akasogeza ndoo kidogo nyuma ya mguu wake.

Karatasi nikaikunja mara nne, nikaitia mkobani.
Nikaomba cha pili.