Natazama Moshi Kwanza

Kabla sijavuka barabara natazama bomba la moshi.
Ukiwa mwembamba, wa buluu, kuni zimekauka
na Kahindi yuko zamu: naingia.
Ukitoka mzito, mweupe kama maji ya mchele,
narudi zangu Shela na kifurushi kwapani,
nasonga ugali, naupashia kisamvu cha jana.
Kisamvu hakijawahi kunidanganya.

Miaka ishirini na sita namshonea Ornella vitambaa vya meza,
vya vyumba vyumba, vyekundu na vyeupe,
na tangu mwanzo tulipatana: nusu pesa, nusu pizza.
Bila nguruwe, nilimwambia.
Akaniapia kwa mama yake aliye kaburini
kwamba kisu changu kitakuwa mbali, na ubao wangu mbali.
Nilimwamini. Hilo sijalijutia.
Mengine, ah.

Ipo pizza niliyokula mwaka ule wa mvua kubwa,
ukingo umevimba, una madoa ya moto kama bawa la kanga,
nyanya za Mambrui bado zinanung'unika juu yake.
Nusu niliibeba nyumbani ndani ya gazeti.
Marehemu mume wangu, ambaye chakula hicho
alikiita mkate uliopata ajali,
akala, akanyamaza,
akalamba gazeti.

Wiki iliyofuata, meza ileile, bei ileile:
katikati unga mbichi, pembeni mkaa,
jibini imejikunyata upande mmoja
kama mtu anayekwepa mdai.

Watu husema ni hiyo jibini:
basi la Nairobi likilala njiani, inafika imetoka jasho.
Wengine husema kuni.
Wengine, msimu. Desemba wageni wamefurika, tanuri halipumui;
Mei meza kumi na nne, wateja wawili na paka,
moto wa kubahatisha, usiotosha hata chapati.

Mimi nasema ni mikono.
Kahindi hukanda usiku, huufunika unga
kwa kitambaa nilichokipinda mimi,
huulaza kama mtoto mwenye homa.
Fulvio, mpwa wa Ornella, hukanda
simu imebanwa kati ya sikio na bega.
Unga nao husikia.

Siku moja sikuvumilia. Nikamwambia,
kwa Kiitaliano changu cha kuokota sokoni,
Ornella, ya leo mbaya.
Akavuta kiti, akavua viatu chini ya meza.
Nimeionja, akasema. Kula ukingo, mwingine mpe paka.
Paka alinusa akaondoka.
Tulicheka mpaka Fulvio akakata simu.

Jana nimepeleka vitambaa vinane.
Macho yangu siku hizi yana ukungu,
uzi hunitungia mtoto wa jirani akitoka shule.
Ornella alikikunjua cha kwanza, akapapasa pindo,
na pale mlangoni, kwenye mwanga,
nikaona nisichokiona kwenye cherehani:
mshono umeyumba, umetoka nje ya mstari mwekundu,
umerudi, umetoka tena.
Cha pili kimenyooka kama rula.
Cha tatu sikukitazama.

Alivihesabu. Nane, akasema.
Akavitandika vyote, mmoja baada ya mwingine,
na kile cha kwanza akakiweka meza ya dirishani,
wanapopenda kuketi wageni.
Kisha akaniuliza: ya kawaida?

Niligeuka kutafuta moshi.
Lakini ukiwa ndani huoni bomba.
Kutoka jikoni nilisikia mtu akipiga unga,
sikujua ni mikono ya nani.
Ya kawaida, nikasema,
nikaketi pale dirishani,
kiwiko juu ya mshono.