Mi

Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili:
gumba, na kile kidogo cha mwisho.
Vitatu vya katikati vilikwenda na msumeno wa duara
kiwandani Mafinga, Jumanne, saa nne kasoro,
ukungu bado umeilalia misindano,
chai ya Mzee Mgimwa bado inafuka kikombeni.
Maumivu yalichelewa. Kwanza nilisikia msumeno
ukishuka sauti, nusu hatua,
kisha ukarudi kwenye mbao kama kawaida.

Haya, piga kinanda hivyo.

Kinanda cha kigango chetu tulikinunua Makambako
kwa bendi ya harusi iliyovunjika.
Kitufe cha rumba kimeng'oka, tunakichokonoa kwa njiti ya kiberiti.
Ndani wamo watu: mpiga ngoma, mpiga besi,
wapiga magita wawili wasiochoka wala kudai posho.
Ila wanataka kodi kwanza,
si ile ya mamlaka ya mapato,
ni ile ya vidole vitatu:
kushoto uwape do, mi, so, ndipo wajue njia.

Do nilikuwa nayo. So nilikuwa nayo.
Mi ilibaki kwenye maranda.

Walipiga, sisemi hawakupiga.
Besi ilitembea, ngoma zikaja,
lakini ilikuwa kama mtu anayekusalimu bila kukutazama:
hujui kama anakuja harusini
au anatoka kuzika.

Masika ile, tukingoja mvua ipungue kwenye bati,
binti yangu Editruda akachimba menyu hadi mwisho.
"Baba, hapa kuna namna ya piano.
Hakigawi tena kushoto na kulia.
Kinasikiliza ubao wote."

Kidole kidogo kwenye do. Gumba kwenye so.
Na mkono wa kulia, uliokuwa ukienda zake na sauti ya kwanza,
ukafika kwenye mi, ukatua.

Bendi nzima ikageuka.
Niliinama, nikajifanya natafuta waya.

Novemba nikapiga harusini, kwa binti wa fundi mkuu
wa kiwanda kilekile. Watu wanarusha noti, wanapiga vigelegele,
kidole changu kizima kikateleza kwenye kitufe cheusi,
mi ikashuka nusu hatua,
na palepale besi, magita, wote
wakaingia msibani.
Mapigo manane.
Fundi mkuu akautazama mkono wangu,
halafu akaitazama keki.
Sikuharakisha kurekebisha.

Siku hizi, usiku wa baridi, soksi mbili mbili,
vile vitatu huniwasha mahali visipokuwepo.
Naamka, nachomeka waya, napunguza sauti.
Nikiinua mikono wao hawaachi;
wanaishika kodi ya mwisho niliyowapa,
wanaizungusha, wanaizungusha,
mpaka Editruda agonge ukuta.

Kitufe cha kumaliza kiko upande wa kushoto.
Nakibonyeza kwa gumba.