Sauti Imekwenda Wapi

Niliinunua Mwanjelwa, mpya, kwenye boksi lake,
nailoni imembana mgongo kama ganda la kitunguu.
Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikaimba.
Nikalipa, nikahesabu chenji mara mbili,
nikaipakata hadi Tukuyu kama mtoto aliyetoka kliniki.

Jumatatu ikanyamaza.

Si kwamba imekufa. Picha inakwenda.
Mstari wa rekodi unapanda na kushuka
kama barabara ya kwetu baada ya masika;
naona kabisa kuwa watu wanasema,
kuwa hapa mwenyekiti amegonga meza,
na pale palipochongoka pana ugomvi.
Kikao cha chama cha majani ya chai, saa tatu nzima.
Mimi karani niliingiza birika nikatoka,
mlango ukafungwa nyuma yangu.
Kesho yake nikapewa flashi:
"Subilaga, andika yanayofaa. Ijumaa tuyaone."

Nikaizima. Nikaiwasha.
Nikapandisha sauti hadi mia.
Nikapuliza vitundu vya spika, nikavisugua kwa mswaki mkavu.
Mvua ikaanza, na mvua ya Tukuyu haibishi hodi,
humwagwa juu ya bati kama debe la kokoto,
nikadhani labda inasema kidogo, mvua ndiyo inayoifunika.
Nikalaza sikio juu ya herufi.
Kwenye ukurasa ikajiandika: jjjjjjjjjjj.

Nikampigia Ambakisye, fundi wa Uyole.
"Spika ina alama ya msalaba?"
"Haina."
"Bofya kulia."
"Kulia kwangu au kwake?"
Akacheka hadi salio langu likaumia.
"Toa kiendeshi cha sauti, kirudishe. Kisha cheza tena."
Nikatoa. Nikarudisha. Nikacheza tena.
Jumanne mara tatu. Jumatano mara nne.
Nikaisemea vibaya, nikaiomba radhi,
nikaifunika kitenge isipigwe na baridi.

Alhamisi, kwenye saa tano, hodi.
Gwantwa wa saluni, ng'ambo ya ua wangu wa migomba,
kitana kimesimama kichwani,
nyuma yake wanawake watatu,
mmoja amesukwa upande mmoja tu,
upande wa pili nywele zimesimama kama zinasikiliza.

"Ugonile, jirani. Tunaomba urudishe nyuma kidogo.
Pale Mwakyoma anaposema zikatwe kilo mbili kila gunia
na wachumaji wasiambiwe."

Ulimi wangu ukakauka.
Halafu nikakumbuka ubatizo wa mwanawe, Jumapili,
nyimbo zilizotoka kwenye kompyuta yangu
zikapitia spika yake nyeusi yenye taa za rangi.
Tuliviunganisha. Hakuna aliyevitenganisha.
Nikafungua mipangilio, na pale chini,
kwa herufi ndogo nilizozipita siku tatu:
*Sauti inatokea: GWANTWA SALUNI.*

Mara saba, basi. Kwa mia.
Wanaume kumi na mmoja na mlango wao uliofungwa,
katikati ya harufu ya mafuta ya nazi na nywele za kuunguza.

"Kilo mbili," akasema yule wa nusu kichwa.
Vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa majani.
"Mimi niko shambani kabla umande haujakauka,
kitabu kina jina la mume wangu. Kilo mbili. Tangu lini?"
Alianza kuhesabu magunia, akafika Machi,
akaacha.

Mshale ulikuwa juu ya neno *Tenganisha*.
Kubofya mara moja tu,
na kesho ningepeleka yanayofaa.

"Mlikuwa mmefika wapi?" nikauliza.

"Kura," akasema Gwantwa. "Mvua ilitia kelele,
hatukusikia nani aliunga mkono."

Wakarudi, wakiruka madimbwi.
Nikasubiri mlango wa saluni ulie.
Nikarudisha dakika sita nyuma, nikabonyeza.

Upande wangu, kimya.
Ng'ambo ya migomba, mwenyekiti akakohoa.