Mafunzo, Mtoni Mtongani

Viti ni vya kukodi, vya msibani,
migongoni vimeandikwa jina la kamati ya mazishi.
Tumekaa kumi na wanne, feni moja inakohoa,
Dada Nsiande anabandika karatasi ukutani
kwa plasta, kama anayefunga kidonda.
Sisi si madaktari. Wauguzi si sisi.
Tumepewa fulana, daftari, na nauli ya siku tano.

Mimi fundi cherehani. Ubavuni kwangu Kondo,
miaka tisa kwenye unga, minne nje yake,
na kila asubuhi bado anapanga foleni
kwenye dirisha la methadoni, Temeke,
ndipo aje kuwahi chai na chapati zetu.

Siku ya kwanza tulifuta maneno.
Dada Nsiande aliandika TEJA, wino mwekundu,
akauliza nani ana ndugu anayeitwa hivyo mtaani.
Kimya. Nje akapita muuza barafu na kengele yake.
Kisha mikono ikaanza kupanda, mmoja, mmoja.
Wangu ulibaki chini ya daftari.

Siku ya tatu, maigizo.
Mimi mama, Kondo mwanangu.
Akajikuna shingo, akavuta kamasi,
akajikunja kama nguo inayokamuliwa:
"Mama, elfu mbili tu. Ya leo tu.
Arosto inaniua, mama."
Watu wakacheka kidogo, kwa alivyopatia.
Mimi mkono ulishafika kwenye pindo,
fundo limeshafunguka, noti imeshatoka,
noti ya kweli, nauli yangu ya kurudi.
Kondo akaiona. Akaacha kujikuna.
"Sikudhani," akasema kwa sauti yake mwenyewe,
"rudisha."

Dada Nsiande hakuniuliza ni nani wangu.
Alisogeza kiti chake hadi kwenye changu
akakaa. Akakaa tu,
wali ukapoa, wenzetu wakala wakamaliza.
Nilidhani mchana ule somo liliahirishwa.

*

Nyumba ya kwanza iko Tandika,
uchochoro wa nyuma ya mashine ya kusaga.
Bi Mwanvua ameziba mlango kwa mwili wake.
"Mmekuja kumchukua Pazi?"
"Hapana, mama. Tumekuja kwako."
Akatutazama kama watu waliokosea nyumba.

Ukutani mraba mweupe, mahali pa runinga.
Kabati halina vitasa, vitasa navyo viliuzwa.
Sufuria ziko uvunguni. Mtungi wa gesi
analala nao, kaufunga kwa kanga kuukuu
kwenye kifundo cha mguu:
ukivutwa usiku, ataamka.
Ngozi pale imekwaruzika,
kama mguu wa mbuzi aliyezoea kamba.
Chumba cha pili mtu anakohoa,
na mama, kila kikohozi, anakihesabu kwa jicho.

Nilikuwa na fomu, maswali kumi na mawili,
la kwanza: Kaya ina watu wangapi?
Akaniwahi yeye:
"Mwanangu atapona?"

Ulimi ulikuwa na jibu tayari, tamu, la bure.
Ahadi ni deni, alitwambia Dada Nsiande,
na ninyi posho yenu mnaijua.
Nikaikunja fomu.
"Sijui, Bi Mwanvua.
Wewe, jana, ulilala?"

Akacheka. Cheko kavu, la mtu aliyeulizwa
habari za mji aliohama zamani.
"Mimi?" akasema. "Mimi?"
Akajifuta uso kwa kiganja, akasema tangu Mfungo Tatu,
akasema hata kaka zake hawajawahi kuuliza,
kisha akasema, kwa haraka, kama aliyeona aibu,
ngojeni niwachemshie chai.

Akainama afungue mtungi.
Lile fundo lilikuwa la miezi,
limekazwa na jasho, na vidole vyake vinatetemeka.
Anavuta hapa, linakaza kule.
Kondo akatazama dari.
Vidole vyangu, vya fundi, vilijua pa kuanzia.
Nikavikalia.