Lipu ya Biskuti

Wanaiita aisingi ya kifalme.
Mfalme gani huyu, anaogopa tone la mafuta?
Bakuli nimelisugua kwa ndimu, nikalisuuza, nikalinusa,
maana juzi lilibeba tui
na nazi haiagi inapoondoka.
Ute wa mayai matatu. Viini nimempa jirani.
Sukari ya unga nikaichekecha, vumbi likapanda,
likatua kwenye kope za Shekiondo.

"Mke wangu, hii ni lipu," akasema,
yeye aliyepiga lipu nusu ya Chumbageni
na ukuta wa jiko letu, hapa Barabara ya Kumi na Nne,
ungali tofali tupu.
Sikumjibu. Ana mwiko wake, nami nina wangu.

Biskuti themanini za harusi ya Zawena,
kila moja kanga: pindo, mji, na jina.
Pindo linataka nzito: ukiinua mwiko
kilele kisimame, kisimwinamie mtu.
Mji unataka nyepesi: maji kwa ncha ya kijiko,
tone, tena tone, halafu pitisha kisu katikati
uhesabu mpaka mkato ujifute.
Shekiondo akahesabu kwa sauti ya kazini.
Sita, mkato umepotea: maji yamezidi, ongeza sukari.
Kumi na mbili: hapo hapo, usiguse.
Mapovu nikayatoboa kwa sindano ya kushonea.

Na jina? Mama wa bibi harusi alitaka maneno tisa
juu ya biskuti ya vidole vinne.
Tukavutana kwenye simu, nikayapunguza kama fundi cherehani,
yakabaki mawili:
NIMEFUNIKA SIJAMALIZA.
Akacheka. "Mawifi zake wataelewa."

Saa mbili umeme ukakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasita.
Masika ya Tanga hayakaushi hata leso;
pindo jekundu likaanza kuvujia mji mweupe
polepole, kama siri aliyoambiwa mtu mmoja tu.
Nilikuwa nimefika ya thelathini na moja.
Nikataka kulia, nikaona aibu mbele ya sukari.

Shekiondo akachovya kitambaa, akakikamua,
akafunika bakuli anavyofunika zege kwa magunia.
"Saruji hukomaa kwa kunyweshwa," akasema,
"hii yako kwa kupepewa. Ila zote mbili
ukiziacha wazi kabla ya wakati, zinaota ngozi."
Akaketi na ungo, akapepea biskuti mpaka saa saba,
wala hakuniambia nikalale.

Iliyobaki nikaitia kwenye kopo,
nailoni nikailaza juu yake, ikaigusa kabisa,
pasibaki nafasi hata ya pumzi,
ndipo nikafunga kifuniko.
Asubuhi umeme umerudi, maji yamejitenga chini,
na wekundu umekolea kuliko nilivyouacha.
Hii haitupwi. Unaikoroga taratibu,
usiiamshe kwa fujo ikajaa mapovu,
nayo itakumbuka ilivyokuwa.

Themanini zikatoka kabla ya adhuhuri.
Vikabaki vijiko vitatu vyeupe.
Shekiondo akavichota kwa mwiko wake mdogo,
akaziba ufa, tofali la tatu toka dirishani,
akalainisha, akarudi nyuma kutazama.
"Nimeanza," akasema.

Kesho yake sisimizi walipanga foleni
kutoka mlangoni hadi tofali la tatu.
Nimewaacha wale.